Kikundi kinataka kununua virutubisho vya mwezi. Tuanzie hapo, au kwenye mlo na mazoezi?

Katibu_Uyole

Habari za jioni wanajukwaa.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Uyole, Mbeya, kina wanachama 22, wengi kati ya miaka 35 na 60. Ni wafanyabiashara wa sokoni, walimu na madereva, wachache wanalima. Amekuja mama mmoja anayeuza virutubisho kwa mtindo wa biashara ya mtandao wa wauzaji, akiwa na ile mashine ya kushika mkononi. Kila aliyepimwa ametoka na karatasi inayosema anapungukiwa kalsiamu, zinki na vitamini D, na kwamba ini lake "limechoka". Pakiti ya mwezi ina vidonge vya vitamini mchanganyiko, omega-3, vidonge vya viungo na chai ya kusafisha mwili. Bei ni Sh 120,000 kwa mtu kila mwezi, kwa miezi mitatu.

Shida zetu halisi ni hizi: presha (sita wanajijua, wawili tu ndio wanakunywa dawa), uzito na vitambi, magoti, uchovu hasa kwa akina mama, na mwenzetu mmoja mwenye kisukari anayetumia metformin.

Hela ni hiyo hiyo moja. Tukiiweka kwenye virutubisho tunapata nini, na tukianza na mlo na mazoezi tunapata nini? Na kama ni mlo na mazoezi, naomba vipimo kamili. "Kula vizuri, fanya mazoezi" tumeisikia sana, na haimwambii mtu kesho asubuhi aanze na nini.

---

Lishe_NyandaZaJuu

Salama katibu. Umeuliza kabla ya kulipa, na hapo tayari umewasaidia wenzako.

Hiyo karatasi ya mashine iwekeni pembeni. Zinki na vitamini D hupimwa kwenye damu, maabara. Kalsiamu ni ngumu zaidi: hata kipimo cha damu hakionyeshi akiba ya mifupa, kwa sababu damu ikipungukiwa mwili unaichota mfupani. Ini hupimwa kwa vimeng'enya vya kwenye damu, na ikibidi kwa picha ya ultrasound. Kushika chuma kwa dakika mbili hakuwezi kutoa lolote kati ya hayo.

Vipimo vya kuanza navyo ni vya bei ndogo na vina maana. Presha kwa wote 22. Mzunguko wa kiuno, futi kamba ipite katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi: kwa mwanamke ikifika sentimita 80, kwa mwanaume 94, hatari imeanza kupanda. Sukari kabla ya kula asubuhi: 7.0 mmol/L na kuendelea inaashiria kisukari na irudiwe kituoni, 6.1 hadi 6.9 ni mlango wake. Kwa akina mama wenye uchovu, wingi wa damu (Hb): chini ya 12 g/dL kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu. Huo uchovu msiutibu kwa kubahatisha.

Presha watu wengi huipima vibaya, kisha wanaogopa au wanajifariji bure. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu, na nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Mkanda uwe wa juu ya kiwiko na utoshe mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba kwa uongo. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, kwa siku mbili tofauti, mtu aende kituo cha afya. Wale wawili wanaokunywa dawa wasiziache hata kama tabia zote zimebadilika. Dawa inapunguzwa na daktari baada ya namba kushuka.

Sasa mizani yenyewe. Kwa mtu mwenye presha, miongozo ya madaktari wa moyo wa Marekani ya 2017 inakadiria kwamba kupunguza chumvi kunashusha namba ya juu kwa 5 hadi 6. Mlo wenye mboga, matunda, kunde na maziwa yasiyo na mafuta mengi kwa 11 hivi. Mazoezi ya mwendo kwa 5 hadi 8. Kupunguza pombe kwa 4 hivi. Na kila kilo ya uzito inayotoka inashusha karibu 1. Hazijumlishwi moja kwa moja, lakini mwenye 150 anaweza kabisa kuingia chini ya 140. Kwa upande wa kisukari, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, wenye watu 3,234 waliokuwa mlangoni mwa ugonjwa, ulilinganisha tabia na metformin. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, waliotumia metformin kwa 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5.6 tu.

Kuhusu hiyo omega-3 na vitamini D, watu 25,871 walifuatiliwa Marekani kwa miaka mitano hivi, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2018. Gramu 1 ya omega-3 kwa siku na yuniti 2,000 za vitamini D hazikupunguza saratani wala jumla ya mashambulizi makubwa ya moyo na kiharusi.

Jikoni, kupima kila kijiko kunawachosha watu wiki ya kwanza. Pimeni kwa pakiti: andika kwa kalamu tarehe ya kuifungua.

Chumvi: kikomo ni gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ya mkate, ya supu na ya vile vidonge vya kuungia mchuzi. Kwa watu watano, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Ikiisha siku ya 10, mnakula mara mbili ya kikomo.

Sukari: lenga gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai visivyojaa. Kwa watu watano kilo moja iende siku 8. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 hivi, kwa hiyo imemaliza siku nzima na kuvuka.

Mafuta ya kupikia: lita moja kwa watu watano ningeiweka siku 7 au zaidi. Kijiko cha mezani kina kalori 120 hivi, na chipsi mayai ya jioni haiandikwi kwenye hesabu ya nyumbani ingawa mwili unaihesabu.

Magadi yanasahaulika sana. Ukiyatia kwenye maharage au mboga unaongeza sodiamu ile ile tunayoikimbia kwenye chumvi, na unaua vitamini B1 na C. Maharage loweka usiku kucha, saa 8 hadi 12, mwaga maji, chemsha na maji mapya. Yataiva bila magadi na tumbo halitajaa gesi.

Mboga na matunda vifike gramu 400 kwa siku kwa mtu. Kwa macho hiyo ni matunda mawili ya kadiri, na mboga iliyopikwa ya kujaza viganja viwili. Mnafu, chainizi, figiri, majani ya maboga, zote zinafaa. Osha kabla ya kukata, pika dakika 5 hivi, usimwage maji yake, weka mafuta kidogo kwa sababu vitamini A haifyonzwi bila mafuta. Pera la gramu 100 lina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, wakati mtu mzima anahitaji 75 hadi 90. Mnaishi kwenye mkoa wa parachichi, ndizi, viazi, maharage, maziwa ya Rungwe na usipa wa Ziwa Nyasa. Kununua potasiamu au kalsiamu kwenye chupa kabla ya hivyo kunaniuma kweli. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kalsiamu miligramu 300 hivi, na dagaa wa kuliwa mzima mzima, mifupa na yote, wanaongeza.

Ugali: dona badala ya sembe angalau mara nyingi. Kiini cha hindi kina mafuta, ndiyo maana dona huharibika haraka na watu wakaukimbia kwa uchungu wake. Saga wa wiki mbili tu, na kabla ya kusaga chambua punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kupika.

Na mpangilio wa sahani: nusu mboga, robo ugali au wali au ndizi, robo maharage, samaki, yai au nyama. Kwenye vitambi, robo hiyo ya ugali ndiyo yenye kazi kubwa kuliko vyote nilivyoandika hapa.

---

Mfamasia_Mafinga

Kamwene katibu. Ndugu wa lishe amemaliza upande wa jikoni, mimi niseme upande wa vidonge. Baadhi ya watu wanavihitaji kweli, na wengine vinawadhuru.

Wanaovihitaji wanajulikana. Mjamzito: madini chuma na asidi ya foliki, anapewa kliniki, asisubiri pakiti ya mtandao. Mtoto wa miezi 6 hadi 59: matone ya vitamini A kila miezi sita. Mtoto anayeharisha: zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14 (10 kama hajafikisha miezi 6), pamoja na maji ya chumvichumvi ya pakiti. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa: vitamini B12. Na huyo mwenzenu wa metformin: dawa hiyo ikitumika miaka mingi hushusha B12. Akiwa na ganzi au kuchomwachomwa miguuni, au damu imepungua, aombe B12 ipimwe. Asiache metformin.

Mama ambaye kipimo kimeonyesha damu ndogo atapewa vidonge vya chuma. Kimoja cha salfeti ya feri cha miligramu 200 kina chuma halisi miligramu 65 hivi. Kinywewe kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Kinyesi kitakuwa cheusi, ni kawaida. Damu ikisharudi, huendelea miezi mitatu zaidi kujaza akiba. Wengi huacha hapo wanapopata nafuu, na baada ya muda uchovu unarudi. Lakini lazima sababu itafutwe: hedhi nyingi, uvimbe kwenye kizazi, minyoo, malaria kwa wanaoshuka Kyela. Chuma bila kujua damu inapotelea wapi ni kujaza ndoo iliyotoboka. Vidonge vifungwe mbali na watoto, kwa mtoto mdogo vichache tu vinaweza kuua.

Na hili linahusu sana mikoa yetu ya chai. Chai ya rangi pamoja na chakula inazuia sana chuma cha maharage na mboga kufyonzwa. Isogezeni saa moja baada ya kula, na kwenye sahani wekeni limau au nyanya mbichi. Kwa mama mwenye uchovu hii ni hatua isiyogharimu hata shilingi.

Upande wa madhara. Finland, mwaka 1994, wavutaji sigara wanaume 29,133 walijaribiwa na beta-karotini, kitu kile kile kinachoipa karoti rangi yake. Waliopewa vidonge walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Vitamini E ya yuniti 400 kwa siku, kwa wanaume 35,533 wa Amerika Kaskazini, iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Matokeo hayo yalitoka 2011. Karoti haijawahi kufanya hivyo. Kitu kikitolewa ndani ya chakula na kukolezwa, hakitabiriki tena.

Mjamzito asiguse vidonge vya vitamini A vya zaidi ya yuniti 10,000 kwa siku, vinaweza kuharibu mimba. Vitamini B6 kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu. Biotini ya nywele na kucha inavuruga majibu ya maabara, ikiwemo kipimo cha moyo na cha tezi ya shingo. Mwambie mpimaji kama unaitumia. Dondoo kali la chai ya kijani kwenye vidonge vya kupunguza uzito limeumiza maini ya watu.

Mwingiliano na dawa ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kalsiamu, chuma, magnesiamu na zinki hushikana na dawa tumboni. Anayetumia antibiotiki kama siprofloksasini au doksisaiklini atakuta dawa haifanyi kazi. Anayetumia ARV (dawa za VVU) zenye dolutegravir, na ndizo wengi wanatumia sasa, anywe ARV saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Kama ni chuma au kalsiamu, anaweza pia kunywa vyote pamoja na chakula, lakini si tumbo likiwa tupu. Katibu, Njombe, Iringa na Mbeya zipo juu kwa maambukizi ya VVU nchini, kwa hiyo kwenye watu 22 huenda yupo ambaye hatamwambia muuzaji wala kikundi. Kuigawa pakiti kwa wote bila faragha ya kumuuliza mfamasia ni hatari ya kweli kwake. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asianze kirutubisho chochote bila kuuliza. Na wanaotumia dawa za presha za enalapril, losartan au spironolactone, au wenye figo mbovu, wasinunue chumvi mbadala ya potasiamu.

Bidhaa za kupunguza tumbo, za nguvu za kiume na za viungo ndizo mamlaka za nchi nyingi zimekuta zimetiwa dawa kimyakimya: sibutramine, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa ajili ya moyo, sildenafil, inayoweza kuangusha presha vibaya kwa anayetumia dawa za kifua za naitreti, na diclofenac au dexamethasone kwenye zile za viungo. Goti likipona kwa siku tatu kwa "mimea asilia", shukuni. Maandishi "Imetengenezwa Marekani" hayawahakikishii kitu, maana sheria yao ya 1994 haimtaki mwenye kirutubisho kuthibitisha kwamba kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Hapa kwetu tangu 2019 chakula kiko TBS (Shirika la Viwango) na dawa ziko TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Bidhaa ikidai inatibu kisukari au presha imejiita dawa, basi ombeni namba yake ya usajili wa TMDA muihakiki.

---

AfyaBora_Soweto

Mimi nauza virutubisho hapa Mbeya na naomba nisikilizwe. Siuzi vya nguvu za kiume wala vya kupunguza tumbo. Hoja yangu ni kwamba udongo wa Nyanda za Juu umechoka, mahindi yanalimwa kwa mbolea ya dukani miaka na miaka, mboga ya leo si ya zamani. Mtu anaweza kula sahani hiyo mliyoipanga na bado akapungukiwa. Hii siyo kweli?

---

Lishe_NyandaZaJuu

Ni kweli kwa sehemu, na nashukuru umeileta bila kuficha kazi yako.

Vitamini mmea huzitengeneza wenyewe. Mnafu kwenye udongo hafifu unazaa majani machache, lakini jani lililoota lina vitamini zake. Madini ndiyo yanayotegemea udongo, na si yote kwa kiasi kimoja: zinki, seleniamu na iodini ndizo hupungua kwenye mazao. Kwa iodini eneo letu ni shahidi, kwa sababu milimani huku tezi za shingo zilikuwa ugonjwa wa kawaida kabla ya chumvi kuanza kutiwa madini joto. Suluhisho lililofanya kazi lilikuwa chumvi ya kila siku kwa kila nyumba, na linaendelea kufanya kazi kama mtu hanunui chumvi ya mawe isiyo na lebo, anaihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na moshi wa jiko, na anaitia chakula kikikaribia kuiva. Kwa hiyo chumvi iwe kidogo, lakini iwe yenye madini joto. Mtu asiache kabisa.

Zinki iko kwenye nyama, dagaa, mayai na kunde. Kuloweka maharage, na kuvundika ulezi au mahindi ya uji, kunapunguza kile kinachoifunga isifyonzwe. Vitamini D tunapata juani: Mbeya iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, jua lipo mwaka mzima. Uso na mikono wazi nusu saa hivi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, siku kadhaa kwa wiki. Juni hadi Agosti watu wanavaa majaketi na kujifungia, wazee hasa. Mzee asiyetoka nje kabisa ndiye wa kuzungumza na daktari kuhusu kidonge.

Ukitaka kuwasaidia wateja wako kwa haki, waulize kwanza kipimo cha maabara, na uwauzie kile kimoja kilichoonekana. Pakiti yenye vitu 25 kwa mtu ambaye hajapimwa siwezi kuitetea.

---

Fizio_Iringa

Naongeza magoti na mazoezi.

Kila kilo moja inayotoka mwilini inapunguza karibu kilo 4 za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Aliyepunguza kilo 5 amelipunguzia goti kilo 20, hatua kwa hatua, siku nzima. Vidonge vya viungo vya glukosamini vilipimwa Marekani kwa watu 1,583, matokeo yakatoka 2006: kwa jumla havikuzidi kidonge kisicho na kitu.

Kutembea kuwe dakika 150 kwa wiki, yaani 30 kwa siku tano. Kasi sahihi ni ile unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba, karibu hatua 100 kwa dakika. Hesabu za dakika moja ujipime. Asiyezoea aanze na dakika 10 wiki ya kwanza na kuongeza 5 kila wiki. Mbeya kuna jambo moja la kuangalia: mteremko unaumiza goti bovu kuliko mpando, kwa sababu paja linafunga breki kila hatua. Mwenye magoti atembee tambarare, kiwanja cha shule kinatosha, asiteremke mlima Loleza. Viatu vya raba vyenye soli laini, si malapa wala buti za mvua. Asubuhi za Juni na Julai fanyeni dakika 5 za kupasha mwili ndani kwanza.

Nguvu za misuli ni siku 2 au 3 kwa wiki, zisifuatane. Kaa kwenye kiti kigumu, mikono kifuani, simama bila kujishika, rudi kukaa polepole ukihesabu hadi tatu. Mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja, rudia mizunguko 2 au 3. Asiyeweza aweke mto juu ya kiti kuongeza kimo, kisha auondoe baada ya wiki chache. Halafu simama kwa vidole vya miguu ukishika ukuta, mara 12, na usukume ukuta kwa mikono, mara 10. Tatizo kubwa ni kuharakisha: kushuka kwa kujidondosha hakujengi paja, kunagonga goti.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakiwa yamezidi kesho yake asubuhi, punguza nusu, usiache. Goti lililovimba na kuwa la moto, linalojifunga, au lenye homa liende hospitali. Mwenye presha ya 180 kwa 110 na kuendelea asianze mazoezi mpaka amuone daktari, na maumivu ya kifua wakati wa kutembea ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari akague nyayo kila anapovua viatu.

Wale wanaokaa kibandani kutwa wasimame dakika mbili tatu kila saa, hata kama jioni watatembea.

---

Katibu_Uyole

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimeandika kila kitu. Maswali mawili ya mwisho. Moja, usingizi: wengi wanalala kwa saa 5 tu kila usiku na baridi ya sasa inachangia. Pili, akina mama wanauliza kama unga wa lishe wenye nafaka kumi na karanga na soya unatosha kwa watoto badala ya virutubisho.

---

Muuguzi_Makambako

Usingizi wa mtu mzima ni saa 7 au zaidi. Saa 5 kwa muda mrefu zinaongeza njaa, presha na sukari, na hakuna kidonge cha uchovu kinachofidia hilo. Kahawa na chai kali ziishe saa 8 mchana. Pombe inalaza haraka lakini inavunja usingizi usiku wa manane, ulanzi nao umo. Muda wa kuamka uwe mmoja siku zote, hata Jumapili, huo ndio unaovuta muda wa kulala. Anayekoroma na kukata pumzi, na mchana anasinzia akiendesha, aende apimwe. Kwa madereva wenu hili ni la haraka.

Na baridi: jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba, hata likibaki majivu mekundu tu. Hewa yake haina harufu na inaua waliolala. Blanketi la pili, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa vinatosha.

---

Lishe_NyandaZaJuu

Unga wa lishe: nafaka kumi si bora kuliko mbili. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta Iringa zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe karibu vivyo hivyo, kwenye mikoa inayolisha nchi. Tatizo ni uji mwepesi, aina chache za chakula, na milo michache. Mahindi, ulezi, mtama na ngano vyote ni kundi moja, kuvirundika hakuongezi aina. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusaga inazuia protini kumeng'enywa na inaharisha watoto. Karanga zenye ukungu ndizo zinazoingiza sumukuvu, na kwenye unga uliosagwa huwezi kuziona tena.

Saga nafaka moja au mbili, na vingine viingie kwenye sufuria siku hiyo hiyo. Uji uwe mzito, usiodondoka haraka kijikoni. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku, wa miezi 9 hadi 23 mara 3 hadi 4 na vitafunwa kama ndizi au parachichi, huku akiendelea kunyonya. Yai moja kwa siku ni zuri sana kama linapatikana. Yai likiuzwa Sh 400, ile pakiti moja ya Sh 120,000 ni mayai 300.

Dagaa wa unga ni rahisi: chagua wakavu wasio na harufu ya kuchacha, toa mchanga, osha kwa maji ya moto haraka, anika juani wakauke tena au wakaange bila mafuta kwa moto mdogo, saga, chekecha. Kijiko kimoja cha mezani kwenye bakuli la uji au viazi vya kupondwa, kikitiwa dakika tano kabla ya kuepua. Uwekwe kwenye chupa kavu yenye mfuniko, wa wiki mbili tu, na dagaa waliotiwa chumvi msitumie kwa mtoto.